Nafasi Moja ya Mgeni

Mikono ya Namsemba ilikuwa Dodoma, lakini matope yalikuwa Vuchira. Yeye aliketi sebuleni kwa binti yake, ghorofa ya juu kabisa, kilemba cha nyaya kichwani na glovu nyembamba mikononi. Huko mbali, juu ya milima ya Upare, mashine yenye umbo la mtu ilikuwa imeinama kwenye ukingo wa ndiva, lile bwawa dogo la kijiji ambamo maji hulazwa usiku ili asubuhi yamwagilie mashamba kwa zamu. Namsemba alipokunja vidole, mashine ilikunja vidole. Alipovuta, mashine iling'oa jiwe na kibonge cha majani kilichoziba tundu, na maji yakaingia mferejini kwa kishindo. Ubaridi wake ulimpanda Namsemba hadi kwenye viwiko, kule kule kitini.

Kiwandani mashine ile iliitwa kiwiliwili-mbali. Watu waliiita pacha. Kilemba kilisoma nia ya mtu kabla mkono wake haujatikisika, kikaituma kwa setilaiti, na pacha akatenda. Pacha aliona, alisikia, aligusa na aliongea kwa sauti ya mwenyewe. Hakunusa wala kuonja; wahandisi walisema hilo litakuja baadaye, na miaka ilikuwa inapita, baadaye bado inakuja. Mwanzoni walitengenezwa kwa ajili ya wazee wa huko huko vijijini, waliochoka magoti. Mzee alilala chumbani kwake, pacha wake akalima nyuma ya nyumba. Kisha setilaiti zikaongezeka, na mtu akaweza kuwa Tanga au Dodoma huku pacha wake yuko shambani. Kwa kumtazama tu pacha, hukuweza kujua mwenyewe yuko chumba cha pili au mkoa wa pili.

Kabla hajamaliza kuelekeza maji, sauti ilitoka ukutani.

"Shikamoo, Bi Namsemba. Hapa ni Msajili wa Ofisi ya Makazi. Umeshaamua, shamba au mji?"

"Marahaba. Bado."

"Ahsante. Nitauliza tena kesho."

"Najua utauliza," alisema Namsemba, na huko Vuchira pacha wake akatupa jiwe kwa hasira zaidi kuliko ilivyohitajika.

Msajili hakuwa mtu. Alikuwa akili ya mashine iliyopewa kazi moja, na aliifanya kwa adabu inayochosha kuliko matusi. Namsemba alikuwa amejaribu kumnyamazia, kumkaripia, hata kumwambia amefiwa. Msajili alimpa pole, akauliza tena kesho yake.

Sheria yenyewe ilikuwa na sababu. Kwa sababu ya pacha, watu wengi walikuwa wanaishi huku na huko. Walihesabiwa mjini wakapewa daktari, wakahesabiwa shamba wakapewa maji, na umeme ulikuwa unawaka vijiji vizima bila kujulikana nani yupo. Basi ikaamriwa kwamba kufikia mwisho wa mwezi kila mtu achague mahali pamoja. Ukichagua mji, shamba lako linaingia kwenye ushirika na pacha wako anarudishwa kiwandani. Ukichagua shamba, unakwenda kukaa huko kwa mwili wako mwenyewe, na chumba chako cha mjini pamoja na daktari wa mjini anapewa mwingine. Ruhusa ilikuwa moja tu. Kila aliyechagua shamba alipewa nafasi ya mgeni mmoja, yaani pacha wa mtu mmoja wa mjini angeruhusiwa kubaki kijijini kwa ajili ya kumtembelea. Mmoja, si wawili.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Mwanawe wa kiume alipiga simu kutoka Mwanza kumwambia aende shamba, hewa ni nzuri. Yeye mwenyewe hajaupanda mlima ule tangu aoe. Daktari alisema abaki mjini kwa sababu ya presha. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye hawakuwahi kusalimiana, alimshika mkono kwenye lifti akamwambia anamwombea aongozwe vizuri. Namsemba alishukuru. Alikuwa mtu wa kushukuru. Lakini alipofika juu alisimama mlangoni kwanza, akavuta pumzi, maana alijua kilichomsubiri ndani.

Ndani alikuwapo Nakijwa, binti yake, mhandisi wa kiwanda kile kile cha pacha. Nakijwa hakupiga kelele. Aliweka picha za vipimo vya moyo wa mama yake kwenye ukuta wa kioo, akazieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto, na hilo ndilo lilimkera mama yake. Ila jioni, baada ya kugombana, Nakijwa huyo huyo alichuchumaa akamkanda mama yake miguu kwa mafuta ya nazi, bila kuombwa, hadi uvimbe ukapungua. Ungemchukia vipi mtu wa namna hiyo.

Jambo ambalo Namsemba hakuweza kumweleza mtu likaeleweka lilikuwa Nanzia.

Nanzia alikuwa jirani yake Vuchira. Waume zao walichimba mfereji mmoja, wakazikwa mwaka mmoja. Namsemba alipokuja Dodoma alimwambia Nanzia anakwenda kutibiwa macho, atarudi. Macho yakapona, ikaja presha, wakaja wajukuu, ukaja mwaka mwingine. Pacha wake alibaki kule, akiamka, akisalimia, akilima. Namsemba hakuwahi kusema kwamba hakurudi. Aliona aibu. Kule Vuchira aliyehama huzungumzwa kama aliyefariki, tena aliyefariki vibaya. Nanzia naye hakuwahi kuuliza, kwa sababu kumuuliza mtu yuko wapi naye amesimama mbele yako ni utovu wa adabu, sawa na kumuuliza mgeni ataondoka lini.

Nanzia naye alitumia pacha. Magoti yake yalikuwa mabaya tangu zamani. Namsemba alijua tu kwamba nyuma ya mlango wa buluu wa nyumba yake Nanzia mwenyewe amelala, peke yake, kilemba kichwani. Kila mmoja alimfunga pacha wake kanga, maana mashine kukaa uchi mbele za watu haikupendeza. Asubuhi walisaidiana. Matope yakimrukia pacha wa Namsemba machoni, pacha wa Nanzia aliyafuta kwa pindo la kanga, polepole, kama anamfuta mtu.

Na kila siku ya zamu ya maji, Namsemba alimpelekea Nanzia makande. Aliyapika kule kule, kwa mikono ya pacha, mahindi na maharage ya shambani kwake, akayaweka mlangoni kwenye bakuli la kufunika. Kesho yake bakuli lilirudi limeoshwa, na ndani yake pana chakula cha Nanzia, maana kwa watu wale bakuli la jirani halirudishwi tupu. Sasa chakula hicho kingeliwa na nani? Pacha hali. Namsemba aliwamwagia kuku, huku moyo ukimuuma, kisha akapika tena. Mwenzake yuko peke yake, alijiambia. Akiacha kupika, Nanzia atakula nini cha kupikwa na mwingine? Usiku aliacha taa ya nyumba yake ikiwaka ili Nanzia asijione amebaki pekee mlimani. Na taa ya Nanzia nayo iliwaka ng'ambo.

Basi Msajili alipouliza "shamba au mji," Namsemba alikuwa anasikia swali jingine: utamwacha Nanzia?

Siku moja Msajili aliuliza kabla hata chai haijamiminwa, na Namsemba akajibu, "Shamba." Nakijwa aliweka birika chini. Walibishana siku nzima. Nakijwa alitaka kujua ni nani wa kumzidi yeye kwa haki, mwanawe wa kumzaa, na mama yake akasema hakuna anayemzidi, ila Nakijwa ana watu na Nanzia hana. Mwishowe binti alilainika kwa sharti moja. Nafasi ya mgeni iwe yake. Kila jioni akitoka kazini atavaa kilemba, aketi jikoni kwa mama yake Vuchira, ampime presha kwa mikono ya pacha, apige naye soga hadi alale. Namsemba alikubali kwa moyo wote. Msajili alisema jina la mgeni litathibitishwa akishafika, akamtakia safari njema kwa sauti iliyokuwa, kwa mara ya kwanza, karibu na ya mtu.

Alisafiri kwa treni hadi Same, kisha kwa gari la kupanda milima. Gari halikuwa na dereva, na barabara ilipokwisha lilisema tu "mwisho wa safari" likafungua mlango. Abiria mwenzake, mpimaji wa misitu aliyekuwa anaelekea upande mwingine, alimtazama, akambebea mzigo wake hadi kwenye kona ya kanisa, ndipo akarudi njia yake.

Namsemba alifungua nyumba yake, na kilichompokea ni harufu. Ukungu, panya, unga uliooza, moshi wa zamani. Jikoni pacha wake alikuwa amekaa kwenye kona, kanga imemwegemea bega moja, vidole vimejaa unga wa juzi. Hapo ndipo alipokuwa akipika siku zote. Alifungua mtungi wa chumvi, akaona imekuwa jiwe moja. Alikaa chini akacheka kidogo, kisha akaona si jambo la kucheka. Alikuwa akimpikia mwenzake nini?

Alifagia, akawasha moto, akapika makande upya kwa mikono yake. Aliyaonja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Yalipokuwa bado yanatoa mvuke aliyafunika, akavuka mfereji, akabisha hodi kwenye mlango wa buluu.

Hakuna aliyejibu. Alisukuma. Pacha wa Nanzia alikuwa amesimama katikati ya chumba juu ya mkeka wa kuchajia, kanga imefungwa vizuri, macho yamezimwa. Namsemba aliita, akaenda chumba cha ndani. Kitanda kilikuwa chaga tupu, hakina godoro. Buibui alikuwa amejenga kutoka tendegu hadi dirishani, na si kwa siku moja. Alitoka nje kwa mlango wa uani. Kuku wa Nanzia, wanono kama wake, walikuwa wanadonoa makande, na Namsemba aliyatambua maharage yake.

Alirudi ndani akaketi kwenye kigoda, bakuli mapajani. Hasira ilimpanda polepole, kama maziwa jikoni. Alikuwa ameuza kitanda chake, ameacha daktari, amemliza mtoto, kwa ajili ya kuku.

Macho ya pacha yakawaka.

"Hodi hodi, mwenye nyumba ni mimi," pacha alisema kwa sauti ya Nanzia. Aliinama, akamtazama Namsemba usoni kwa karibu. "Namsemba? Ni wewe? Mbona umezeeka hivi?"

"Nimezeekea Dodoma," alisema Namsemba. "Na wewe umezeekea wapi? Kwenye chaga hizo?"

Pacha aliunyoosha mkono, akagusa shavu la Namsemba, akaurudisha.

"Dodoma," alisema. "Kwa mwanangu. Nyuma ya hospitali kuu."

Namsemba aliijua ile mitaa. Aliipita kila alipokwenda kliniki. Alimuuliza tangu lini, na Nanzia akataja, na ilikuwa kabla ya macho ya Namsemba kupona. Hapo walianza kugombana kwa haki, wanawake wawili waliostahiana mno kwa muda mrefu mno. Namsemba alitaka kujua kwa nini hakusema. Nanzia alitaka kujua kwa nini hakuuliza. Namsemba akasema angemuuliza vipi mtu naye amesimama mbele yake anamfuta matope. Nanzia akasema ndiyo hiyo, na yeye angesema vipi kwa mtu anayemletea chakula kila zamu, na taa yake inawaka usiku kucha. Alikuwa anafikiri Namsemba ndiye amebaki peke yake mlimani, akawa anamwonea huruma.

"Chakula chenyewe ulikuwa unawapa kuku," alisema Namsemba.

"Na changu?"

"Kuku."

Nje kuku walikuwa wanaendelea kudonoa.

Namsemba alikuwa na uchungu bado. Alisema jambo ambalo alikuwa amelitunza tangu alipoona chaga. "Zima hilo dude, Nanzia. Mimi nimekuja na miguu yangu inayovimba. Panda treni, uje ukae. Chakula hiki hapa, kina chumvi, kina moto. Ukitaka kula njoo na mdomo."

Pacha alisimama kimya, na kwa muda Namsemba alidhani kweli amezima. Kisha sauti ikaja, ndogo.

"Siwezi, mwenzangu. Nilipigwa na kiharusi. Mwili wote kuanzia shingoni ni wa kugeuzwa na mwanangu. Hata kilemba hiki ananivalisha yeye asubuhi kabla hajaenda kazini, ananivua usiku. Pale kitandani sitikisiki. Nikiwa hapa natembea. Nafungua maji. Nikikufuta matope nasikia kwamba nina mkono."

Namsemba aliweka bakuli chini.

"Sheria hii inanikuta pabaya," aliendelea Nanzia. "Siwezi kuchagua shamba, nani atanibeba? Nikisema mji, pacha wanamchukua Ijumaa. Msajili ananiuliza kila asubuhi, kwa upole kabisa. Namwambia bado."

Namsemba alisema basi atarudi Dodoma. Ataomba wambadilishie, ataketi kando ya kitanda chake kila siku, atamlisha kwa kijiko.

"Usinitukane kwa wema," alisema Nanzia. "Kitandani ninaye mwanangu, ninaye muuguzi, nina dari ya kutazama. Sikosi mtu wa kunilisha. Ninachokosa ni miguu."

Mwanamke mwingine angelia hapo. Namsemba alikasirika tena, safari hii bila kujua akasirikie nini. Sheria ilikuwa na sababu. Binti yake alikuwa na sababu. Wahandisi walikuwa wametengeneza kitu kizuri, na kizuri hicho kiliwafanya wawili waliokuwa mitaa miwili wakutane mlimani kulishana kuku. Hakuona wa kumpiga kofi. Alichokiona ni kwamba katika Vuchira nzima, siku hiyo, yeye ndiye mwenye nafasi ya mgeni, na nafasi ilikuwa moja.

Alikula yale makande yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa na njaa na kwa sababu Nanzia alimwomba. Nanzia aliketi mbele yake, mikono ya chuma magotini, akiuliza kama mahindi yameiva, kama maharage ni yale mekundu. Namsemba alimjibu kila swali. Kisha akarudi kwake akaketi kizingitini na simu, mahali panaposhika mawasiliano vizuri.

"Shikamoo, Bi Namsemba. Karibu Vuchira. Jina la mgeni ni Nakijwa, binti yako. Nithibitishe?"

"Marahaba. Subiri. Niunganishe naye kwanza."

Nakijwa alipokea haraka. Ilionekana alikuwa anasubiri, kilemba pengine kiko tayari mkononi. Namsemba alimweleza yote bila kupamba. Alisema nafasi anampa Nanzia.

"Mama, tulikubaliana," Nakijwa alisema. Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ile ya alipokuwa mdogo, akiachwa kwa shangazi. "Ndiyo maana nilikuachia uende. Sasa presha nani atakupima?"

"Nanzia ana mikono. Mtamfundisha."

"Na mimi je? Mimi nitakuonaje?"

Namsemba alitazama ng'ambo ya mfereji. Pacha mwenye kanga alikuwa ameanza kufagia uwanja wake, uwanja ambao hakuna mtu angeupita, kwa ufagio wa njiti, akirudia mahali pamoja hadi paridhishe.

"Utakuja," alisema.

"Mama, kazi yangu unaijua. Ni treni, ni lile gari, halafu ile njia ya kanisani. Ni siku nzima kwenda tu."

"Ndiyo. Mimi nimeipita leo."

"Siwezi kuja kila jioni."

"Hapana. Kila jioni hutaweza." Ilimgharimu kulisema, akalisema. "Utakuja utakapoweza, na nitakuwa nimekukosa."

Nakijwa alivuta kamasi. Akasema mama yake ni mgumu, hajawahi kuona mtu mgumu namna hii, na kwamba angalau vidonge vya asubuhi viko mfuko wa pembeni, si ule mkubwa. Namsemba alisema ameviona.

"Huyo Bi Nanzia," Nakijwa aliuliza, "mtaa gani nyuma ya hospitali?"

Namsemba alimtajia. Kisha akamwita Msajili, akampa jina.